Vumbi la Mahindi ya Mama

Kakese, 6 Januari 2024

Mdogo wangu Sylvanus,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku tunaamka, tunalima, tunalala. Habari za afya ndizo hizo. Barua hii nampa Issa wa lori la dagaa. Ukishangaa kwa nini nakuandikia kama tuko enzi za babu, lawama mpe mama. Simu amezikataa. Anasema simu inaweza kusema lolote leo na kesho ikakana, ila karatasi yenye mwandiko wa mtu haikani. Kwa hiyo soma mpaka mwisho, halafu unijibu kwa mkono wako.

Nilikwambia kikundi chetu kimepata kazi ya kuzalisha mbegu ya mahindi kwa kampuni moja. Tuko kumi na wanne. Mwenyekiti ni Amosi, katibu ni mimi dada yako. Haya si mahindi ya kula. Tunapanda mistari minne ya jike na miwili ya dume, na jike likitaka kutoa mbelewele, yaani shada la kileleni lenye vumbi, tunaling'oa kabla halijafunguka, ili ndevu zake zipokee vumbi la dume peke yake. Mtaalamu wa kampuni analiita vumbi hilo chavua. Linabebwa na upepo, nyuki hahusiki. Na kwa kuwa upepo haujui mpaka wa mtu, hairuhusiwi kuwepo mahindi mengine ndani ya mita mia nne. Yakikutwa, mkaguzi anakataa shamba zima, la wote kumi na wanne.

Sasa mama amepanda. Amepanda pale nyuma ya nyumba, kwenye kile kiwanja baba alichokuandikia wewe. Kutoka pale hadi mstari wetu wa kwanza ni hatua mia moja na arobaini, nimezihesabu mwenyewe. Ni yale mahindi yake mafupi ya punje nyekundu, aliyapanda katikati ya Novemba na mvua ya kwanza. Sisi mbegu ya kampuni ilichelewa, tumepanda siku tatu kabla ya Krismasi. Yetu hayajafika gotini, yake yameshatoa mbelewele. Jana asubuhi nimesimama pale nikaona vumbi la njano linaruka kuelekea kwetu.

Amosi anasema vumbi hilo linatua kwenye majani na udongo wetu, linakaa hapo likingoja ndevu zitoke. Mimi naona ni kweli. Mbegu ya mama si inakaa mwaka mzima kwenye kichanja juu ya moshi, na ukiipanda inaota? Kikundi kimekata shauri yafyekwe kabla tarehe ishirini haijapita. Mama anajibu kwamba kiwanja si changu wala cha Amosi, ni cha Sylvanus, na Sylvanus akiandika yafyekwe, yeye hatasema neno.

Najua ndicho chakula chake cha Februari na Machi, wakati kila nyumba inakung'uta magunia. Nitamlisha mimi, hilo usiwe na wasiwasi nalo. Ila nielewe, Sylvanus. Tangu mume wangu aniache na watu wa hapa wanione kama kiatu kisicho na mwenzake, hiki kikundi ndicho mahali pa kwanza wanaponiita kwa heshima. Shamba likikataliwa kwa sababu ya mama yangu, sina pa kuficha uso.

Andika maneno matatu tu, usaini.

Dada yako,
Specioza


Karema, 11 Januari 2024

Dada Specioza, Katibu Mheshimiwa,

Milele amina. Barua yako nimeisomea kwenye vichanja vya dagaa, ina harufu kama mimi. Huku ziwa limechafuka wiki nzima, mitumbwi imelala, na mimi nimelala nayo.

Nimecheka, dada. Yaani mahindi nayo siku hizi yanatenganishwa, wanaume huku, wanawake kule, kama kwaya ya parokia? Na upepo mtaufunga kamba? Mbona maharage ya mama hamyasemi, na maboga yake?

Lakini tuache utani. Kufyeka mahindi yenye mbelewele si jambo la kusaini ukiwa umekaa juu ya gunia. Mama anasemaje? Si unavyosema wewe kwamba anasemaje. Unamjua mama, akikataa ana sababu, hata kama sababu yenyewe haitoi mpaka aombwe mara tatu. Mpe kalamu aniandikie mwenyewe. Masista walimfundisha mwandiko mzuri kuliko wangu na wako.

Kuja sitaweza kwa sasa. Kazi zimenibana.

Mdogo wako,
Sylvanus


Kakese, 14 Januari 2024

Mdogo wangu,

Kazi zimekubana na umesema mitumbwi imelala. Haya.

Maharage ya mama hayana shida, kwa hiyo usinichekeshe. Mtaalamu alitueleza: ua la maharage linajichavusha lenyewe kabla hata halijafunguka, halisumbui jirani. Maboga yanachavushwa na nyuki, na nyuki wa maboga hana habari na mahindi. Ni mahindi tu yanayotupa vumbi lake hewani kama mtu anayepepeta.

Nimemwambia mama akuandikie. Anasema macho yanamsumbua na hana la kuandika. Ameridhika. Amesema, "Sylvanus akikubali, nami nimekubali." Ndivyo alivyosema.

Amosi ameshawaita vijana wa kufyeka siku ya Jumamosi. Jana kwenye kikao mama mmoja alisema kwa sauti kwamba katibu anawabana wengine na kwake ameshindwa. Niliandika maneno hayo kwenye kumbukumbu za kikao kama yalivyo, maana ndiyo kazi yangu. Usiniache peke yangu kwa hili.

Specioza


Karema, 17 Januari 2024

Dada,

Issa amenifikia jana, amenipa barua yako na maneno mengi, unamjua anavyopenda kuongea. Haya, karatasi yako hii hapa.

Mimi Sylvanus, mwenye kiwanja kilicho nyuma ya nyumba ya marehemu baba yetu, Kakese, naruhusu mahindi yaliyomo yafyekwe.

Mwambie mama anisamehe, mwakani nitakuja kumlimia mwenyewe. Na umlishe vizuri, umeahidi.

Sylvanus


Kakese, 2 Februari 2024

Mdogo wangu,

Kazi imekwisha. Vijana walikuja Jumamosi ile saa mbili asubuhi, mpaka saa nne kiwanja kilikuwa cheupe. Mama aliisoma karatasi yako akiwa mlangoni, akaikunja, akaiweka kwenye kitabu chake cha sala. Hakulia wala hakutukana mtu. Alimwomba kijana mmoja amletee bua moja, akalimenya hindi. Punje zilikuwa ndogo bado, za maji, huwezi hata kuzichoma. Akasema, "Mngeningoja wiki mbili nipate ya kula, na nne nipate ya mbegu." Kisha akaingia ndani.

Nilikuwa sijui kwamba alipanda mbegu yote. Mwaka jana wadudu walimharibia, ikabaki debe moja, akaipanda yote ili aizalishe upya. Kwenye kichanja hakuna kitu. Mbegu ya bibi, ile aliyokuja nayo mama alipoolewa, hakuna mtu mwingine anayeipanda hapa Kakese. Wote tunapanda za dukani.

Basi limepita. Nampelekea ugali kila siku. Yuko salama.

Specioza


Karema, 18 Februari 2024

Dada,

Issa ananiambia mambo nisiyoyapenda. Anasema amemkuta mama kwa Josefina, yule jirani wa upande wa kisimani, anakula mihogo. Anasema ugali wako mama anaupokea, anasema asante, halafu anawapa kuku wa Josefina. Anasema kutwa anazunguka mabondeni kutafuta uyoga, mvua inamnyeshea. Lisemwalo lipo. Ni kweli au si kweli?

Kama ni kweli, mbona hukuniandikia? Mimi nilisaini kwa neno lako kwamba utamlisha. Sasa unamlisha au unalisha kuku?

Ningekuja, ila naona haya kuja mikono mitupu. Mtumbwi niliokuambia ni wangu, si wangu tena, tangu mwaka juzi. Hata hilo usimwambie.

Nijibu upesi.

Sylvanus


Kakese, 4 Machi 2024

Sylvanus,

Mwanamke wa miaka sabini na mbili nimlishe kwa kijiko? Anakataa. Naweka sahani, naondoka, nikirudi nakuta sahani imeoshwa. Nilimwuliza anataka nini kwangu. Akaniambia hana ugomvi na mimi, ila chakula changu kinamkwama kooni. Ungekuwa hapa ungemjibu nini? Ni rahisi kuuliza maswali kutoka ziwani.

Habari njema ni kwamba mkaguzi alikuja tarehe ishirini na nane, Bi Jeniffer, mtu wa maneno machache. Alikuta mbelewele za jike zote tumeng'oa. Wanawake wote tulikuwa shambani tangu alfajiri siku kumi mfululizo, vidole vimechubuka. Alipita mstari kwa mstari. Shamba letu limepita. Amosi alinipa mkono mbele ya watu wote.

Mama ana mafua kidogo, ni mvua hizi. Usihangaike.

Specioza


Kakese, 7 Aprili 2024

Sylvanus,

Ni wiki ya nne tangu tumzike mama. Hukuniaga ulipoondoka, na simu yangu hupokei, kwa hiyo nimerudi kwenye karatasi.

Ulilolisema pale kaburini, mbele ya Padri na watu wa jumuiya, kwamba nimemuua mama kwa ajili ya ukatibu, lilinichoma. Watu wakanishika mikono wakisema ni uchungu tu, anasema asichokijua. Nikawaacha wakutetee na wanitetee. Lakini ulisema kweli kuliko ulivyojua, na mimi siwezi tena kubeba mambo haya peke yangu.

Mama hakuwa na mafua. Nilipokuandikia tarehe nne alikuwa na homa ya siku mbili. Josefina ndiye aliyeniita. Nilidhani ni njaa na kiburi, kwamba akizidiwa atakubali uji wangu na tutapatana. Nilingoja akubali. Tarehe tisa alipoanza kuweweseka ndipo nikaita bodaboda, nikakaa nyuma nimemshika, mpaka hospitali Mpanda. Walisema malaria imeshapanda kichwani, na damu imepungua sana, na mwili hauna akiba ya kupigana. Wakaniuliza alikuwa anakula nini.

Hilo ni moja. La pili ni la mkaguzi. Siku ile Bi Jeniffer alipomaliza shamba letu alisimama akatazama kiwanja cha mama, mabua yamekauka chini. Akauliza yale yalikuwa mahindi ya nani na yalitoa mbelewele lini. Nikamwambia mwanzoni mwa Januari. Akasema, "Sasa mbona mliyafyeka? Yenu ndevu zinatoka leo. Chavua ya mahindi ikishatoka, kwa jua hili haifiki hata kesho. Mita mia nne ni kwa mahindi yanayochanua pamoja. Haya yangekuwa yamepishana zaidi ya mwezi, nisingekuwa na neno nayo." Nikasema tulitaka kuwa na uhakika. Akaandika kwenye karatasi yake, akaendelea. Alisema taratibu tu, hakujua amesema nini.

Mama alikuwa hai, Sylvanus. Aliishi siku kumi na mbili baada ya hapo. Ningeweza kwenda kumwambia, mama, ulikuwa na haki, tumekosa sisi. Nilifika mpaka mlangoni kwake jioni ile ile. Nikasikia anakohoa ndani. Nikawaza, nikimwambia atamwambia Josefina, na Josefina atawaambia wote, na watu wataniona nilifyeka chakula cha mama yangu bure. Nikageuka. Nilimwona anakufa akiwa hajasikia neno hilo kwangu.

La tatu ni hii barua yake ninayokuwekea humu. Ile siku ulipotaka akuandikie, aliandika. Macho hayakuwa na shida yoyote. Alinipa niitume. Niliifungua, nikaisoma, nikaificha chini ya godoro, nikakuandikia kwamba ameridhika. Isome mwenyewe.

Siombi unisamehe. Nataka tu ujue kwamba wewe ulidanganywa, ili angalau mtoto mmoja wa mama abaki msafi.

Specioza


(Ndani yake)

Kakese, 13 Januari 2024

Baba Sylvanus,

Mimi mama yako nakusalimu. Dada yako kaniambia nikuandikie neno kuhusu mahindi. Ninaandika.

Hao wenye kikundi ni watu wazuri, na kazi yao siichukii. Lakini jambo moja wamekosea. Wanasema vumbi la mahindi yangu litalala kwenye majani yao likingoja ndevu. Baba, vumbi la mahindi halilali. Linatoka asubuhi umande ukikauka, na likikosa ndevu siku hiyo limekufa. Nimelima mahindi tangu sijaolewa. Kila mwaka kuna mashina yanachelewa kutoa ndevu, wenzake wameshamaliza. Vumbi unaliona limejaa kwenye majani yake, njano kabisa. Ukija kuvuna, yale ni magunzi matupu. Kama vumbi lingekuwa linangoja, yale yangepata punje. Maharage hayamngoji mtu, maboga yanamngoja nyuki, na mahindi yanangoja upepo wa siku yake tu.

Nimemwambia Specioza akaniambia mimi sijaenda semina. Ni kweli sijaenda.

Ya kwao yatatoa ndevu mwisho wa Februari. Ya kwangu wakati huo nitakuwa nimeshayala. Hii ndiyo mbegu yangu yote, hakuna nyingine. Usisaini, baba. Kama huwezi kuja si neno, najua maisha ya ziwani ni magumu na sikulaumu kwa chochote. Usisaini tu.

Dada yako usimkasirikie. Ameteseka, anataka watu wamheshimu.

Mama yako,
Dorika


Karema, 15 Aprili 2024

Dada Specioza,

Barua ya mama nimeisoma mara moja tu. Ya pili sikuweza. Mwandiko wake haukuyumba hata herufi moja.

Umeandika kwamba nilidanganywa, na unataka mtoto mmoja wa mama abaki msafi. Ningeweza kukuacha uamini hivyo. Siku tatu nimezunguka na wazo hilo, nikasema, nyamaza, Sylvanus, amebeba mwenyewe, mwache abebe. Nimeshindwa.

Mama alikujua wewe na alinijua mimi. Alipokupa barua ile, alimfuata Issa kwenye lori, akamwambia la kuniambia kwa mdomo, ikiwa karatasi haitafika. Issa alikuja kunikuta tarehe kumi na sita Januari jioni tunapakua. Akanipa barua yako, halafu akasema, "Mama yako kasema usisaini. Kasema nikwambie vumbi la mahindi halilali, na hiyo ndiyo mbegu yake yote." Alilirudia mara mbili, maana mama alimtaka alirudie kwanza ili ahakikishe amelishika.

Kwa hiyo nilipokuwa nasoma kwako kwamba mama ameridhika, nilijua unasema uongo. Nilijua kabla sijamaliza mstari. Na nilicheka, dada. Niliwaambia wenzangu pale, mnasikia mambo ya bimkubwa, eti vumbi halilali, na sisi wote tukacheka. Kesho yake nikaandika ile karatasi.

Nitakwambia kwa nini, maana nimejiuliza sana. Si kwa sababu nilikuamini wewe na kikundi chako. Kama ningekataa, ningekuwa nimesimama upande wa mama, na anayesimama upande wa mtu itabidi aje. Ningetakiwa kupanda lori, nifike Kakese bila kitu, mama anione nilivyo, ajue mtumbwi umekwenda na miaka miwili nimekuwa kibarua wa kuanika dagaa za watu. Nikisaini, wewe utamlisha, na mimi nitaendelea kuwa yule mwanawe mwenye mtumbwi Karema. Niliuza mahindi yake kwa aibu yangu. Nayo aibu, kumbe yeye alikuwa anaijua yote, si umeona alivyoandika, sikulaumu kwa chochote.

Na pale kaburini nilipopiga kelele kwamba umemuua, nilikuwa najua haya yote. Nilipiga kelele ili watu wakutazame wewe. Walipokuja kunishika na kunipa pole, nilizipokea moja moja kwa mikono miwili.

Wewe ulificha barua. Mimi sikufichwa kitu chochote, niliambiwa kila neno, na kwa lugha rahisi. Wasomee barua hii kikundi chako, wasomee na jumuiya, nimeandika kwa mkono wangu wasije wakasema ni maneno yako. Mimi Kakese sitakuja tena. Kila nitakayekutana naye njiani atanisimamisha anipe pole ya mama, na sitaweza kuipokea mara ya pili.

Mdogo wako,
Sylvanus